LESENI YA SALUNI IKAGUE WEMBE NA DAWA

Hapana jambo dogo linapohusu mwili wa mwanadamu. Kichwa anachokiinamisha mtu mbele ya kinyozi, uso anaoutoa bibi harusi kwa fundi wa urembo, na kiganja anachokinyoosha mtoto ili apakwe hina siku ya Idd, vyote hivyo ni amana. Wazee wetu walisema kwamba kinyozi hajinyoi. Maana yake ni kuwa kila mmoja wetu, awe afisa wa Serikali au mkulima wa karafuu, hana budi siku moja kujikabidhi katika mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo suala la nani aruhusiwe kushika wembe, na kwa masharti gani, si suala la wenye saluni peke yao. Ni letu sote.

Yeyote anayepita hapa Chake Chake, kuanzia sokoni hadi Machomanne, Madungu, Tibirinzi na Gombani, ataona kwamba kazi hii imekua. Saluni za wanaume zina vioo, viti na mashine za umeme. Za wanawake zina mapazia milangoni, kama inavyostahiki. Na nyuma ya hizo zinazoonekana zipo nyingine zisizokuwa na kibao: ukumbi wa nyumba, baraza ya uani, chumba cha jirani ambamo mama mmoja husuka nywele, hupaka hina, hupika singo na kumpamba bibi harusi. Kwa kipato hicho hununua unga na daftari za watoto wa skuli. Tunasema mapema kabisa kwamba makala hii haikuandikwa ili mama huyo afukuzwe barazani kwake. Imeandikwa ili yeye na mteja wake wote wawili wawe salama.

Sheria zipo. Zanzibar ina Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006, ambayo ndiyo iliyoweka msingi wa kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa. Ina Sheria ya Mafunzo ya Amali ya mwaka huo huo wa 2006. Ina Sheria ya Afya ya Jamii na Mazingira ya mwaka 2012. Na mwaka 2013 ilitungwa sheria ya kuuweka pamoja mfumo wa utoaji wa leseni za biashara, kwa nia njema ya kumpunguzia mwananchi usumbufu. Juu ya hayo, Baraza la Mji linao wajibu wake wa kusimamia biashara na usafi ndani ya mipaka yake. Hivyo hatuwezi kulalamika kwamba tumekosa vitabu vya sheria.

Tunacholalamikia ni kwamba leseni ya biashara, kwa asili yake, huangalia mlango wala haiangalii mkono. Huonyesha biashara ni ya nani, iko wapi, na kwamba ada yake imelipwa. Haisemi kama wembe uliomnyoa mzee wa kwanza asubuhi ndio huo huo uliomnyoa kijana wa kumi. Haisemi kopo lile jeupe juu ya rafu lina kitu gani ndani yake. Mteja anapoiona karatasi yenye muhuri ukutani hudhani kuwa Serikali imekwisha kumhakikishia usalama wake, kumbe Serikali imethibitisha tu kwamba imepokea fedha. Huo ndio mkakasi wa methali: uzuri nje, ndani kipande cha mti.

Na tuseme wazi hatari zenyewe ni zipi, kwa sababu watu hawawezi kujikinga na jambo wasilolijua.

Ya kwanza ni wembe na mashine ya kunyolea. Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za ukimwi, na vinyozi wengi siku hizi hubadilisha wembe kwa hofu hiyo. Lakini upo ugonjwa mwingine usiotajwa sana, nao ni homa ya ini ya aina ya B. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Tone la damu lisiloonekana kwa macho latosha. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya maradhi hayo mwaka 2002. Kwa hiyo watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kinga hiyo utotoni. Hao ndio wengi wanaokaa katika viti vya vinyozi wetu leo. Tukiongeza mapunye na choa, yanayotoka kichwa hadi kichwa cha watoto wa skuli kwa njia ya mashine isiyosafishwa, tutaona kwamba kifuta-vumbi na manukato havitoshi kuitwa usafi.

Ya pili ni hina nyeusi. Hina ya majani, iliyosagwa na kukandwa kama walivyofanya mabibi zetu, huacha rangi ya wekundu au hudhurungi. Haiwi nyeusi tititi. Ule weusi unaokolea kwa saa moja hutoka katika piko, yaani unga wa rangi ya nywele, na mara nyingi ndani yake imo kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiruhusu kemikali hiyo katika rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 inapotiwa kichwani, na zimekataa ipakwe juu ya ngozi. Sababu yake inajulikana. Ngozi huwasha, huvimba, hutoka malengelenge, na pengine alama ya ua lililochorwa kwa furaha hubaki kuwa kovu. Zaidi ya hayo, mwili ukishaikataa kemikali hiyo mara moja huendelea kuikataa maisha yote, hata mtu akija kupaka rangi nywele zake miaka 20 baadaye. Watalii waliopakwa piko katika fukwe zetu wamerejea kwao na malengelenge hayo, na madaktari wao wakayaandika. Ya mabibi harusi wetu huandikwa na nani?

Ya tatu ni krimu na sabuni za kujichubua. Hapa hatuna budi kusema kwa uchungu. Zebaki huondoa weusi wa ngozi kwa kuizuia isitengeneze rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mwanamke mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi yasiyofutika, katika uso ule ule uliotafutiwa weupe. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, baada ya madaktari wake kuyaona mabaka hayo kwa miaka mingi. Dunia nzima imekwisha kukubaliana kuhusu zebaki: Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mwanzoni mkataba ulivumilia kiasi kidogo mno cha zebaki katika vipodozi. Mwaka 2023 wanachama waliamua kuwa hata kiasi hicho kisiruhusiwe, na mwisho wake ukawekwa kuwa mwaka 2025.

Ya nne ni dawa za kulainisha na kunyoosha nywele. Zipo zenye soda kali, ambayo ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi na kuing'oa nywele shinani. Zipo pia zinazotoa mvuke wa fomalini zinapopitishiwa pasi ya moto, na mvuke huo huvutwa zaidi na fundi, anayeshinda ndani ya chumba hicho kutwa nzima, kuliko mteja anayekaa saa moja. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, waliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000, walieleza kuwa waliotumia dawa hizo mara kwa mara walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiozitumia. Utafiti mmoja haumalizi hoja, lakini unatosha kutufanya tufungue dirisha.

Hayo ndiyo mambo ambayo leseni ingepaswa kuyauliza. Tuangalie sasa historia yetu wenyewe, tuone ni mambo gani yamekuwa yakiulizwa.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, huko Tanzania Bara, uliamua kuanzisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua zikapigwa vita. Nia ilikuwa kuilinda heshima ya Mwafrika. Lakini vita vile vilimkabili mvaaji na mpakaji barabarani zaidi ya mwingizaji na muuzaji, na wala havikumfundisha mtu kwa nini krimu ile ni sumu. Miongo ikapita, na krimu zikawa zinauzwa chini ya meza. Mwaka 2003 Bara ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi, na mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango. Makopo yaliyopigwa marufuku hata hivyo hayajakoma kukamatwa, na kinachokamatwa kila mwaka ni kitu kinachoingia kila mwaka.

Kisha mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa Serikali ya Muungano alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na saluni ikawa miongoni mwake, isipokuwa ile iliyomo hotelini au inayohudumia watalii. Aliyevunja amri hiyo aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na viza yake kufutwa. Amri ile ilikuwa ya Bara, kwani leseni za biashara za ndani si jambo la Muungano. Wenye saluni ndogo ndogo wengi waliifurahia, na sisi hatuoni ajabu mwananchi kulindiwa riziki yake. Lakini ifahamike kwamba amri ile iliuliza pasi ya kusafiria. Haikuuliza wembe. Kichwa kilichokatwa na wembe mchafu hakipati nafuu kwa kuwa aliyekikata ni raia.

Ipo na hatari ya upande wa pili, nayo ni ya kuuliza mno. Nchini Marekani kila jimbo lina utaratibu wake wa leseni za wasusi na mafundi wa urembo, na kwa kawaida mtu hutakiwa asome saa 1,000 hadi 1,600, kwa gharama kubwa, kabla hajaruhusiwa kumgusa mteja. Katika jimbo la Utah mwanamke mmoja mzaliwa wa Sierra Leone, aliyejifunza kusuka tangu utotoni kwao, aliambiwa asome saa 2,000 ndipo apate ruhusa ya kusuka, ilhali katika masomo hayo kusuka kwa Kiafrika hakukufundishwa ila kidogo sana. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Agosti 2012 jaji akaamua kwamba sharti lile halikuwa na uhusiano wa maana na kazi yake. Uingereza nayo ina sheria ya usajili wa wasusi tangu mwaka 1964, lakini usajili huo ni wa hiari. Inachokibana zaidi ni dawa yenyewe na usafi wa mahali.

Fundisho tunalolipata ni moja. Leseni inayouliza fedha tu haimlindi mteja. Inayouliza cheti kirefu hulinda walio nacho dhidi ya wasio nacho, na mteja hubaki pale pale. Leseni ya haki ni ile inayouliza kitu kinachodhuru: wembe na dawa. Kisichodhuru kiachwe.

Kwa msingi huo tunapendekeza kwa wahusika wa Baraza la Mji, Wakala wa Chakula na Dawa, maafisa wa afya na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali mambo yafuatayo.

Kwanza, kazi zigawanywe mafungu mawili. Anayesuka, anayepaka hina ya majani, anayesinga kwa singo na liwa, asilazimishwe kupita ofisi moja hadi nyingine. Atosheke kuandikishwa kwa sheha wa shehia yake, bila ada au kwa ada ndogo, ili ajulikane alipo na aweze kuitwa kwenye mafunzo. Anayetumia wembe, mashine, rangi, dawa za kulainisha au kipodozi chochote cha kemikali ndiye apewe leseni yenye masharti ya usalama.

Pili, masharti hayo yaambatane na mafunzo mafupi. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kiko karibu na mji, na hakuna haja ya kozi ya mwaka kwa mtu aliyekwisha kunyoa watu miaka 15. Siku chache zatosha kumfundisha kusafisha mashine kwa kuondoa kwanza nywele zote na kisha kuipaka spiriti, kujaribu rangi nyuma ya sikio la mteja siku 2 kabla ya kuitumia, na kulitambua kopo lisilofaa. Mtihani uwe wa vitendo na kwa Kiswahili, ili fundi hodari asiyejua kuandika vizuri asiangushwe na kalamu. Bara, VETA imekuwa ikitambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Jambo hilo si geni na linawezekana hapa.

Tatu, na hili tunaliona kuwa ndilo lililosahauliwa kabisa, wawepo wakaguzi wanawake. Saluni ya kike kisiwani kwetu ni mahali pa sitara. Afisa mwanamume hawezi kulivuta pazia lile, na akilivuta atakuwa amekosa adabu. Matokeo yake ni kwamba chumba chenye dawa kali zaidi ndicho kinachokaguliwa kidogo zaidi. Sheria isiyoweza kuingia ndani kwa sababu ya heshima haina budi kutafuta mtu anayeweza kuingia kwa heshima.

Nne, mkono wa Serikali uanzie bandarini kabla ya kufika barazani. Krimu yenye zebaki haipikwi Pemba. Inaletwa, ama kwa bandari za Mkoani, Wete na Wesha, ama kwa bandari bubu zinazojulikana na kila mvuvi. Kumnyang'anya msusi kopo moja na kumwacha aliyeshusha maboksi 100 ni kufagia maji huku mfereji umefunguliwa.

Tano, mkaguzi awe mwalimu kwanza. Ziara ya kwanza iwe ya kufundisha, ya pili ya kuonya kwa maandishi, na ya tatu ndiyo ya kufunga. Na masharti yenyewe yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na kioo, ili mteja naye awe mkaguzi. Akiyaona maneno «wembe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yako», hatakuwa na haya ya kuuliza.

Wapo watakaotuambia kwamba kisiwa kina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia: bei ya karafuu, maji, barabara, ajira za vijana. Tunawajibu kwamba hili ni sehemu ya mambo hayo hayo. Saluni ni ajira ya vijana. Figo iliyoharibika hutibiwa kwa fedha nyingi na pengine kwa safari ya ng'ambo, na mtu mmoja aliyeambukizwa homa ya ini huenda akaambukiza nyumba nzima.

Wapo pia watakaosema kwamba mabibi zetu hawakuwa na leseni na walipamba maharusi vizuri. Ni kweli. Lakini mabibi zetu walipamba kwa hina waliyoichuma uani, kwa mafuta ya nazi waliyoyakuna wenyewe, kwa dalia na asumini. Walikijua kila walichokipaka tangu kilipokuwa mti. Fundi wa leo hupewa pakiti isiyokuwa na anwani na maandishi asiyoyasoma, akaambiwa na muuzaji kwamba ni nzuri sana. Aliyebadilika si mwanamke wa Pemba. Kilichobadilika ni kitu alichotiwa mkononi, na ndiyo maana leseni haina budi kubadilika nayo.

Kwa ndugu zetu vinyozi na dada zetu mafundi wa urembo tunasema: msiyaogope masharti ya usalama, yadaini. Fundi anayenunua wembe mpya kwa kila kichwa huingia gharama kuliko asiyenunua, na bila ya usimamizi wa haki mtu mwaminifu hushindwa soko na mdanganyifu. Na kwa wananchi wateja tunasema: msinunue weupe kwa afya zenu, wala msione aibu kuondoka katika kiti ambacho hamkuridhika nacho. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Lakini kabla ya kutia maji, utazame kwanza wembe wenyewe.

Msimu wa harusi hausubiri vikao. Mapazia ya saluni za Chake Chake yatafunguliwa kesho asubuhi kama yalivyofunguliwa leo, na mabinti wataingia wakiwa na matumaini yao. Tungependa watoke wakiwa wazuri, na mwaka mmoja baadaye wawe bado wazima. Wenye mamlaka wanazo sheria mikononi. Wazipeleke ndani ya pazia, kwa adabu na bila ya kuchelewa.